Mafundi wa gereji mnatumaliza wenye Subaru za turbo: unalipia kiti (seti ya vipuri) kamili ya taimingi, wanafunga mkanda peke yake

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Naandika nikiwa na hasira na kila ninachosema hapa nina ushahidi wake mkononi.

Gari ni Subaru Impreza WRX, bodi ya GDA, sidani ya mwaka 2004, gia za mkono, injini EJ205 ya lita mbili yenye turbo. Kutoka kiwandani Japani ilitoka na nguvu za farasi 250, na inavuta magurudumu yote manne muda wote. Kabla hamjaanza kuniambia ninunue Toyota IST, nisomeni hadi mwisho, maana gari halina kosa lolote katika haya ninayoeleza.

Kwa wasioijua EJ205: ina mkanda mmoja mrefu wa taimingi unaozungusha puli nne za kamishafti, zile shafti zinazofungua vali. Mkanda ukikatika au ukiruka meno, pistoni zinakutana na vali na vali zinapinda. Ndiyo maana kiwanda kimeweka ukomo wa kilomita 100,000. Na ndiyo maana fundi anayejua kazi habadilishi mkanda tu. Anatoa tenshena inayokaza mkanda, anatoa puli za kuongozea, ile ya meno na zile laini, anatoa na wota pampu, yaani pampu ya maji, kwa sababu vyote vinazungushwa na mkanda huohuo na vimezeeka pamoja. Ukifunga mkanda mpya juu ya beringi chakavu umeacha bomu mle ndani.

Mimi nililipia kiti kamili. Risiti ninayo, imeandikwa kwa mkono wa msimamizi wa gereji: mkanda, tenshena, puli zote, wota pampu, na ufundi. Hela nikatoa yote bila kupunguziwa hata mia. Gari likatoka linawaka vizuri, nikaambiwa, "Bosi, hapa umesahau habari ya taimingi."

Haikuchukua muda. Tunaelekea Morogoro, tumeshapita Mlandizi, nikasikia mlio mkali upande wa mbele wa injini, mlio wa chuma kikisaga chuma. Nikaanza kutoa gari pembeni, na kabla halijasimama injini ikazima. Kuwasha tena, stata inazunguka nyepesi kabisa, haina ule ukinzani wa kawaida. Anayezijua hizi injini anajua sauti hiyo ina maana gani: mkanda umeruka na vali zimepinda. Nina mke na watoto ndani ya gari, barabara ya malori, jua linazama.

Nikawapigia wale wale wa gereji, wakasema wanaleta brekidauni, gari la kuvuta. Nikawaambia kwa kiswahili cha wazi: hili ni gari linalovuta magurudumu yote manne, leteni lenye kitanda, magurudumu yote yakae juu. Wakajibu sawa. Nikapandisha familia kwenye basi, mdogo wangu akabaki na gari. Kilichokuja ni winchi ya kunyanyua mbele tu. Mdogo wangu akagoma, akanipigia, nikaongea na dereva mwenyewe kwa simu. Akaniambia, "Kiongozi, nimevuta magari mengi, naweka fri (gia huru) tu halina shida." Wakalivuta hadi Dar magurudumu ya nyuma yakizunguka barabarani na ya mbele yakining'inia.

Sikilizeni wenye gari za aina hii. WRX ya gia za mkono ina difu ya kati ndani ya gia boksi, inayogawa nguvu kwa ekseli ya mbele na ya nyuma, na kwenye difu hiyo kuna kikombe kilichojaa mafuta mazito ya silikoni pamoja na sahani nyembamba. Kazi yake ni kusawazisha nguvu pale ekseli moja inapozunguka kwa kasi tofauti na nyingine. Tofauti hizo kwa kawaida ni ndogo na za muda mfupi. Sasa nyuma kukizunguka kwa mwendo wa barabarani na mbele kumesimama, yale mafuta yanachemka mle ndani mfululizo hadi kikombe kinaungua. Kuweka fri hakusaidii chochote, kwa sababu ekseli mbili bado zimeunganishwa na difu ile ile. Kitabu cha gari kimekataza kuvuta namna hiyo. Gari lilivunjika injini Mlandizi, na gia boksi wakaniulia wao njiani.

Nikalitoa gereji kwao, nikalipeleka kwa fundi mwingine, mzee mmoja wa Ilala ambaye kazi yake ni Subaru tu. Nikasimama pembeni yake wakati anafungua. Kava la mbele lilipotoka akanyamaza, akaniita nisogee. Mkanda kweli mpya, maandishi bado yanasomeka, lakini meno yamekwanguliwa eneo zima la upande mmoja. Puli ya meno imeganda. Akaitoa, akaijaribu kwa vidole, haizunguki. Uso wake umegeuka rangi ya bluu kwa joto, sili imepasuka, grisi imekauka imekuwa unga mweusi. Puli laini nazo zinakwaruza ukizizungusha. Tenshena inavuja mafuta yake. Wota pampu ni ile ile iliyokuja na gari kutoka Japani, bolti zake hazijaguswa na spana, kutu imeziba hadi kwenye vichwa.

Kwa hiyo wamechukua hela ya kiti kamili, wamefunga mkanda peke yake, na wameandika risiti ya uongo. Huo ni wizi, tuuite kwa jina lake.

Silinda hedi zote mbili, vile vichwa vya injini vyenye vali, zimeshuka. Vali zimepinda pande zote. Mzee akapima pistoni, alama zipo lakini hazijatoboka, kwa hiyo injini inapona kwa vali mpya, gaidi (mirija inayoongoza vali), gasketi za hedi na kiti kamili ya ukweli. Ya Aisin nimeipata Kariakoo, na safari hii kila kipande nimekishika mwenyewe kabla hakijafungwa. Difu ya kati imejionyesha gari lilipowaka: ukikata kona ya kuegesha, gari linashika, linaruka-ruka, matairi yanalia kwenye lami. Gia boksi nayo inashuka.

Nikarudi gereji ya kwanza na puli mkononi. Mwenye gereji hata hakuiangalia. "Bosi, Subaru ndivyo zilivyo. Turbo hizi ni presha tupu, uza."

Hapo ndipo damu ilipochemka. Hii kauli ya "Subaru ndivyo zilivyo" imekuwa kichaka cha kila kanjanja mjini. Gari likitoa moshi, ndivyo zilivyo. Likipandisha joto, "gasketi hiyo", kabla hata hajafungua mfuniko wa rejeta. Sifa ya kuunguza gasketi za hedi ilitokana hasa na injini za lita 2.5 zisizo na turbo, lakini wao kwao kila Subaru ni gasketi, maana gasketi ina hela. Taa ya injini ikiwaka wanachomeka kamashine ka kawaida ka kusoma hitilafu, hakasomi, wanaanza kupiga ramli: badili koili, badili sensa, badili nozeli. Subaru nyingi za soko la Japani za miaka ile zina tundu la kusomea hitilafu lenye umbo la OBD2, lile la kawaida la magari mengi, lakini kompyuta yake inaongea kwa mfumo wa Subaru wenyewe, SSM. Inahitaji mashine au programu inayoelewa mfumo huo. Kama huna, sema huna, mteja aende kwingine.

Na wale wanaofunga vali ya kutoa upepo nje ili gari lipige "tshiii" ukibadili gia, acheni kudanganya vijana kwamba inaongeza nguvu. Hewa ya injini hii imeshapimwa na sensa kabla haijaingia kwenye turbo. Ukiimwaga nje, kompyuta inaendelea kumwaga petroli ya hewa ambayo haipo tena, plagi zinakuwa nyeusi, gari linakwama kwama. Mwezi ujao mnamuuzia plagi.

Oili ya pipa isiyo na jina ndiyo siwezi kuisamehe. Bolti inayopeleka oili kwenye turbo ina kichujio cha wavu kidogo kuliko kifuniko cha kalamu. Kikiziba kwa uchafu, turbo inakosa oili na shafti yake inakufa. Mzee wa Ilala alinionyesha cha kwangu, nusu kimejaa tope jeusi, wakati kila mara nililipia oili ya kopo.

Nilichofanya hadi sasa: puli, tenshena, pampu na mkanda viko kwangu kwenye mfuko, vimepigwa picha pamoja na risiti. Mzee amekubali kuandika na kusaini alichokikuta. Mdogo wangu ana video ya gari likivutwa, nyuma chini. Barua ya madai nimeipeleka, wanirudishie hela ya kiti, gharama ya hedi na ya gia boksi. Wakikaa kimya nakwenda mahakamani.

Ninachoomba kwenu: mwenye gia boksi ya WRX ya spidi tano, au difu ya kati peke yake ambayo haijavutwa hovyo, aniambie iko wapi na nije kuiona. Na kama kuna mwingine aliyefungiwa mkanda mtupu kwa bei ya kiti, aweke risiti yake hapa hapa kwenye uzi. Jina la gereji mtalisikia mahakamani.