Naomba ushauri: kufika Mödlareuth bila gari

Wakuu, shikamooni. Nipo Leipzig, Ujerumani, kimasomo, nataka kwenda Mödlareuth, kijiji cha watu wasiofika mia. Kijito cha Tannbach, chembamba kiasi cha kukiruka, kinakikata katikati: huku jimbo la Bavaria, lililokuwa Ujerumani Magharibi, kule Thuringia, lililokuwa Mashariki. Mwaka 1966 Ujerumani Mashariki ilijenga ukuta wa zege humo humo kijijini, Wamarekani wakakiita Berlin Ndogo, kwa kuwa Berlin nayo ilikatwa kwa ukuta. Jirani na jirani hata kupungiana mkono marufuku! Njia ilifunguliwa Desemba 1989, na kipande cha ukuta kimebakizwa.

Treni naijua hadi Hof, mji wa jirani. Kutoka hapo kuna basi Jumapili, au nikodi baiskeli? Ile milima naihofia, maana mapafu yangu ni ya Dar. Aliyewahi kufika anielekeze tafadhali.