Albamu yetu ya rock: tepu au kompyuta? Nisaidieni kulinganisha

BesiNzito: Wadau habari zenu. Bendi yetu tuko wanne, gitaa mbili, besi na drams, nyimbo kumi ziko tayari ila tumegawanyika. Mpiga gitaa anataka turekodi kwa tepu, ile pana ya inchi 2 yenye treki 24, yaani njia 24 za sauti tofauti, mpiga drams anasema kompyuta inatosha tusijitafutie matatizo. Mimi naisikiliza albamu ya Wasting Light ya Foo Fighters ya 2011, walirekodi kwa tepu kwenye gereji ya kiongozi wao Dave Grohl, prodyuza Butch Vig, zile drams zinanigonga kifuani kabisa. Mliotumia vyote viwili mnasemaje?

RiliKubwa: Kaka nenda tepu. Ukiijaza sauti kubwa haipasuki ghafla kama kompyuta inavyopasuka, inabana taratibu, ukali wa snea, ile ngoma ndogo kali ya drams, unalainika na besi inajaa, utamu wenyewe ndo huo. Ila rili moja ya tepu, futi 2,500, kwa kasi ya inchi 30 kwa sekunde inaisha ndani ya dakika 16 na kidogo, nyimbo nne hivi basi. Ukishusha iwe 15 unapata dakika mara mbili, besi inanenepa, ila na ule mvumo wa tepu unasikika zaidi.

MamaMikseri: Mbona hamsemi kuhusu mashine yenyewe? Vichwa vinavyorekodi na kusoma tepu vinatakiwa visafishwe kwa spiriti, vitolewe usumaku, mashine ipimwe na kurekebishwa kabla hamjaanza. Mi nilipoteza siku nzima studio moja, kasi ya mashine inayumba, piano inasikika kama inalia, na fundi hayupo. Mwanangu kabla hujatoa hela waulize fundi wao nani na ilipimwa lini.

Kiki4: Kompyuta. Ukikosea sehemu moja unarudia hapo hapo, ya zamani bado ipo. Kwenye tepu ukirekodi juu yake imefutika hiyo, hairudi.

RiliKubwa: @Kiki4 sasa mimi hicho ndo nakipenda. Bendi ya White Stripes walirekodi sehemu kubwa ya albamu yao Elephant pale studio ya Toe Rag, London, mashine ya tepu ya treki 8 bila kompyuta, ukiwa na treki nane unaamua mapema nini kinabaki na nini kinatoka. Kwenye kompyuta mnaweka teki 40 za gitaa, yaani mnarudia kurekodi sehemu ile ile mara 40, mnasema tutachagua baadaye, halafu wiki ya tatu hakuna hata mtu anayejua ipi ilikuwa na moto.

MamaMikseri: Hapo kweli. Bendi ikiwa haijaiva tepu itawaumbua lakini. Kuna njia ya katikati, drams na besi pigeni pamoja kwenye tepu, hamishieni kompyuta, gitaa na sauti mmalizie huko. Unene mnaupata na rili moja inawatosha, mnaitumia tena na tena.

Kiki4: Hiyo ya katikati naikubali, mradi muhamishe kwa 24 bit, kile kiwango cha ubora wa sauti kwenye kompyuta, na msijaze sauti mpaka juu.

BesiNzito: Asanteni sana, dada nimekuelewa vizuri. Nimeongea na mpiga drams sasa hivi, Jumamosi tunazipiga zote kumi mfululizo bila kusimama, simu tu ndo inarekodi. Zikitoka safi tunaenda tepu kwa drams na besi, tukikwama tunarudi mazoezini kwanza. Hiyo studio nshawaandikia kuhusu fundi, nasubiri wanijibu.