SDL nalipa kila mwezi, naweza kuitumia kusomesha mafundi wangu?

Karakana_Tabata (mleta mada)

Wakuu heshima kwenu. Nina karakana ya vyuma hapa Dar, tunatengeneza mageti, shelfu za maduka, stendi za matanki na siku hizi tumeanza kupata oda za vipuri vya mashine za kusaga na kukoboa. Wafanyakazi wako 14. Mishahara ya wote kwa mwezi pamoja na posho inagonga kama milioni 9 na laki 8, na kila mwezi kabla ya tarehe 7 napeleka TRA kodi ya mishahara (PAYE) na SDL, ile tozo ya kuendeleza ujuzi. Hiyo SDL peke yake kwa 3.5% ni 343,000, yaani kwa mwaka milioni 4 na laki moja na ushee, hapo NSSF ya pensheni na WCF ya fidia ya wafanyakazi sijagusa.

Sasa ishu iko hapa. Nina mafundi wawili wa kuchomelea, mikono yao mizuri sana ila michoro hawasomi, mteja akileta mchoro wa kiwandani lazima nikae nao mwenyewe niwaelekeze kipimo kimoja kimoja. Na kuna kijana wa mashine ya kukerezea, kajifunzia humu humu karakanani, kazi anaijua kuliko wengine wenye vyeti lakini yeye cheti hana hata kimoja. Nataka wote watatu wapate mafunzo mwaka huu. Nikawaza si tunalipa tozo ya kuendeleza ujuzi, nikaenda ofisi moja kuuliza naombaje walau nusu irudi nilipie ada, nikaambiwa hapa siyo, nenda kule, kule nako wakanirudisha nilikotoka.

Swali langu: kuna utaratibu wowote wa mwajiri kurudishiwa au kutumia hela ya SDL kusomesha watu wake? Na kama haupo, ile hela inakwenda wapi? Mwenye kujua anisaidie, nia yangu ni kuwasomesha hawa vijana kweli.

---

Mama_Ritani

Karibu mkuu. Mimi ni mhasibu, naandaa ritani za kodi za kampuni ndogo ndogo kama yako, nikujibu upande wa sheria na hesabu.

Jibu fupi ni hapana, SDL ya Bara hairudi kwa mwajiri. Haina akaunti yenye jina la kampuni yako kwamba ukilipa inakaa pale inakusubiri. Imeanzishwa kwa sheria ya VETA ya 1994, TRA wanakusanya, halafu inagawanywa, theluthi moja inakwenda mfuko wa mafunzo ya ufundi yaani VETA, theluthi mbili inabaki serikalini. Kwahiyo katika ile 343,000 yako ya kila mwezi, kama 114,000 hivi ndiyo inaelekea VETA. Hiyo nyingine kwa miaka mingi imekuwa inasaidia mikopo ya wanafunzi wa vyuo vikuu, na nyingine inaingia kwenye programu ya taifa ya kukuza ujuzi iliyo chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu kule kwenye kazi na ajira.

Mambo mengine ambayo wateja wangu huwa wanachanganya na nakuomba uyaangalie kwenye vitabu vyako. SDL inapigwa kwenye jumla ya malipo yote, mshahara, ovataimu, bonasi, posho, malipo ya likizo, na hutoi kwanza mchango wa NSSF kama unavyofanya kwenye PAYE. Pili ni mzigo wa mwajiri, mfanyakazi hakatwi hata shilingi, nimeshaona hati za mishahara zina mstari wa SDL kwenye makato ya mfanyakazi na hilo ni kosa kabisa, wale watu wanastahili kurudishiwa hela yao. Tatu inaanzia wafanyakazi 10, zamani ilikuwa 4 ikabadilishwa 2021. Ukiwa na 9 hulipi kitu, ukimwajiri wa 10 unalipa kwa wote kuanzia yule wa kwanza. Kwa mtu mdogo hiyo ni ngazi kubwa na mimi nawaambia wateja wapige hesabu mapema kabla hawajasaini mkataba wa huyo wa 10, maana akishaingia hakuna kulipia nusu.

---

Karakana_Tabata

Shukrani sana Mama Ritani, hiyo ya theluthi nilikuwa sijaijua. Kwahiyo mimi nachangia mtoto wa mtu asome chuo kikuu, jambo zuri sipingi, lakini fundi wangu hapo yuko wapi?

---

Omosh_IndArea

Niaje wakuu, niongeze ya huku Nairobi juu naona swali lako huku lina jibu tofauti.

Kenya tuko na levi, yaani tozo, ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, zamani watu wakiita DIT. Ni 50 bob kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, haijalishi analipwa ngapi, meneja 50, mtu wa kufagia 50. Mwajiri ndiye analipa, payslip ya mtu haiguswi. Karakana yako ya watu 14 ingelipa 700 kwa mwezi, 8,400 kwa mwaka, ukibadilisha kwa pesa yenu haifiki laki mbili. Na ukiwa umelipa vizuri unaweza kupeleka watu wako training halafu unaomba NITA wakurudishie sehemu ya gharama.

Lakini usidhani ni mteremko. Lazima uombe kibali kabla training haijaanza, si baadaye, hapo ndio wengi huanguka, wanapeleka watu alafu wanakuja na risiti wanaambiwa pole. Mwenye kufundisha lazima awe amesajiliwa na NITA. Alafu ukimaliza unapeleka makaratasi, invoisi, risiti, orodha ya waliohudhuria, na unangoja. Kampuni kubwa ziko na mtu wa HR (rasilimali watu) kazi yake ni hiyo, sisi wadogo tunalipa tu hatudai. Na unaona mwenyewe, ukilipa 8,400 kwa mwaka usitarajie wakurudishie ya kusomesha watu watatu kozi ya maana, pesa yenyewe ni kidogo. Kwa hivyo yenu ni kubwa hairudi, yetu ni ndogo inarudi kwa shida. Mimi bado napenda yetu, angalau mlango uko, unajua ukibisha ni wapi.

---

mkufunzi_chuma

Nimefundisha ufundi chuma miaka mingi, naomba nisikilizwe kidogo maana naona watu wanaiongelea hii hela kama imepotea.

Kwanza tuulize kwanini tozo ipo. Mwajiri akimsomesha fundi kwa hela yake, fundi akiiva jirani anaongeza elfu hamsini anamchukua. Sasa kila mwajiri akiogopa hivyo hakuna atakayesomesha, wote tutakaa tunasubiri mwingine asomeshe sisi tuje kuvuna, matokeo yake nchi nzima haina mafundi. Ndiyo maana ikasemwa wote wachangie mfuko mmoja, vijana wafundishwe, halafu yeyote aajiri anayemtaka. Na siyo sisi tu tuliofanya hivi, Brazil walianza na SENAI, chombo chao cha mafunzo ya viwandani, tangu 1942 kwa mchango wa viwanda, na Uingereza imeanzisha yake ya uanagenzi, yaani kujifunza kazi ukiwa kazini, 2017 ila kule inawahusu waajiri wakubwa, wale wenye mishahara inayozidi pauni milioni 3 kwa mwaka.

Mkuu wa Tabata nikuambie fundi wako yuko wapi. Kijana anayeingia VETA kozi ndefu ya kutwa analipa ada 60,000 kwa mwaka, wa bweni 120,000. Elfu sitini! Hiyo hainunui hata elektrodi na vyuma anavyochoma kujifunzia mwaka mzima, achilia mbali umeme, mashine na mshahara wangu. Tofauti inazibwa na nini? Ndiyo hiyo theluthi yenu pamoja na bajeti ya serikali. Ungesema SDL yote irudishwe kwa waliolipa, mtoto wa mkulima ambaye hajaajiriwa na mtu angefundishwa na nani? Kwenye mfumo wa kurudishiwa anayefaidi ni yule ambaye tayari ana kazi, tena kwenye kampuni yenye HR, Omosh kasema mwenyewe.

Sasa tuje kwa watu wako watatu, kila mmoja na njia yake.

Yule kijana wa kukereza usimpeleke kozi ya miaka, utampotezea muda na wewe utakosa mtu. Nenda kituo cha VETA uulizie urasimishaji wa ujuzi, ule mpango wa kumpima mtu aliyejifunzia kazini. Wapimaji wanamwangalia anavyofanya kazi yenyewe, wanapitia kazi alizowahi kufanya, wakikuta ana pengo wanampa mafunzo ya kuziba hilo pengo tu, akifaulu anapata cheti kinachotambulika. Nimeona watu wa miaka 40 na kitu wanalia siku ya kupokea hicho cheti, mtu kafanya kazi maisha yake yote akiitwa fundi wa mtaani. Na mara nyingine serikali kupitia ile programu ya Ofisi ya Waziri Mkuu inatangaza nafasi na kulipia wahusika, hiyo ndiyo sehemu ya SDL inayoweza kukufikia moja kwa moja, kwahiyo matangazo yao yafuatilie, wakifungua dirisha usilale.

Wale wa michoro, ongea na kituo kuhusu kozi fupi ya jioni au Jumamosi. Ukiwa na watu wachache tafuta karakana mbili tatu za jirani mchange wafike kumi hivi, hapo kituo kinaweza kukutengenezea kozi ya kusoma michoro kwa kazi zenu hasa, mkufunzi anakuja hata kwako. Ada utalipa, lakini siyo ya kutisha.

---

Binti_Kahama

Mkufunzi nakuheshimu na nimekuelewa ila hapo kwenye theluthi mbili sikubaliani na wewe kabisa. Hoja yako yote ya jirani kuvuna inahusu ufundi. Hiyo inatetea theluthi moja, je zile nyingine mbili? Mikopo ya chuo kikuu ni jukumu la taifa zima, ilipwe na kodi za wote, kwanini abebeshwe mwajiri aliyeajiri watu 10? Yaani ukiajiri zaidi unalipa zaidi, tunamtoza mtu kwa kosa la kutoa ajira wakati vijana wamejaa mtaani.

Chama cha Waajiri, ATE, wamelipigia kelele hili miaka nenda rudi na serikali kwa kweli imesikia kidogo kidogo. Ilikuwa 6%, 2013 ikaenda 5, 2016 ikawa 4.5, 2020 ikawa 4, Julai 2023 ndiyo ikafika 3.5. Huyu wa Tabata kwa mishahara hiyo hiyo enzi za 6% angelipa 588,000 kwa mwezi. Nashukuru imeshuka, lakini kushusha asilimia hakujibu swali lake, yeye analalamika kwamba haoni mlango, asilimia ni jambo lingine.

Mimi nimefanya kazi kampuni ya migodi iliyokuwa na ofisi Afrika Kusini, wao wanalipa 1% ya mishahara, na mwenye mishahara isiyozidi randi 500,000 kwa mwaka halipi. Mwajiri anapeleka mpango wake wa mafunzo na ripoti ya mwaka uliopita kwa mamlaka ya sekta yake kabla ya tarehe 30 Aprili, anarudishiwa 20% ya alicholipa. Zamani ilikuwa 50 wakaipunguza, waajiri wakaenda mpaka mahakamani. Lakini angalia kitu kimoja, ule mpango wenyewe unamlazimisha mwajiri akae chini afikirie nani anahitaji mafunzo gani mwaka huu. Sisi nani anatuuliza? TRA wanapokea hela na ritani basi, hakuna mahali popote kwenye fomu pa kuandika mafundi wangu wawili hawasomi michoro. Hiyo taarifa ingekuwa dhahabu kwa VETA.

---

mkufunzi_chuma

Binti Kahama hapo kwenye fomu umenigusa, sina cha kupinga. Tunatunga mitaala huku tukiwabembeleza waajiri waje kwenye vikao na wengi hawaji, na kumbe kila mwezi wanapeleka ritani.

---

Mama_Ritani

Niongeze jambo. Kuna mfuko wa kuendeleza ujuzi uliitwa SDF, ulikuwa unaendeshwa na Mamlaka ya Elimu Tanzania (TEA) kwenye ule mradi wa ujuzi wa Benki ya Dunia ulioanza 2016. Ule ulikuwa ruzuku ya kushindania, vyuo na hata kampuni zilikuwa zinaandika andiko la kuomba hela kwenye sekta sita, kilimo, utalii, usafirishaji, ujenzi, TEHAMA na nishati. Nautaja kwasababu watu wanachanganya ruzuku hiyo na SDL. Ruzuku ya aina hii unaishindania kwa andiko, haijali umelipa SDL kiasi gani. Zikitangazwa nyingine kama hizo, karakana moja peke yake ni ngumu kushinda, jiungeni na chuo, chuo kiandike nyie mtoe sehemu ya vijana kujifunzia.

Na mkuu ukilipia kozi za hao mafundi tunza risiti za ada na barua ya chuo yenye majina yao, ni gharama ya biashara yako hiyo, mhasibu wako aiingize vitabuni vizuri.

---

Karakana_Tabata

Nawashukuru wote kutoka moyoni. Nimeshaongea na wenye karakana wawili hapa jirani, mmoja ana watu sita wa kuchomelea na yeye shida yake hiyo hiyo ya michoro, kwahiyo ya Jumamosi inawezekana. Mkufunzi swali la mwisho, huyu wa kukereza aende na nini siku ya kupimwa?

---

mkufunzi_chuma

Aende na kitambulisho, barua yako ya kuthibitisha kazi anayofanya na miaka aliyofanya, na picha za kazi zake, hasa hivyo vipuri vya mashine za kusaga, mkiweza mbebe na kipuri chenyewe. Mfundishe mapema kutaja vipimo na majina ya vifaa kwa sauti, mafundi wengi wa kujifunzia kazini mikono inajua ila wakiulizwa wanakaa kimya na mpimaji hawezi kuandika kitu ambacho hajakisikia wala kukiona.