Nisimamisheje make katikati kwenye mashine ya chuo?

KijanaWaKisauni:
Habari zenu wakubwa. Chuoni kwetu hapa Mombasa tuna kompyuta moja ya Linux, sote tunaingia kwa ssh, yaani kutoka mbali kupitia mtandao. Nakompaili programu kubwa ya C++ kwa make (amri inayokompaili faili zake zote), inakula saa nzima na ushei. Wenzangu wakianza zao mashine inakuwa nzito, lawama zote kwangu. Naweza kuisimamisha niendelee jioni nikiwa nyumbani, au lazima niiue?

BintiLikoni:
Ctrl-Z. Ukitaka iendelee, andika fg. Basi.

MaalimTerminali:
Dada, hiyo ni ya aliyekaa hapohapo. Akitoka kwenye ssh, kazi iliyosimama kwa kawaida hufa na kikao. Kijana, fungua tmux kwanza (kikao kinachobaki hai kwenye seva hata ukitoka), anzisha make humo, kisha Ctrl-b halafu d kujitenga nacho. Ukifika nyumbani: tmux attach.

Ukitaka kuisimamisha kutoka dirisha jingine, tafuta namba ya kundi lake:

ps -u $USER -o pid,pgid,stat,cmd

Ikiwa namba hiyo, yaani pgid, ni 4210:

kill -STOP -- -4210

Hiyo alama ya kutoa iliyogusana na namba usiiache! Bila hiyo unasimamisha make peke yake, na watoto wake (programu ilizozianzisha) wanaendelea kutafuna prosesa mpaka wamalize faili walizoshika. Safu ya stat ikionyesha T, wamelala. Kuwaamsha ni kill -CONT -- -4210.

YakheMjiWaKale:
Sawa maalim, ila STOP haiachii memori. Kama kinachowabana wenzake ni RAM, hawatapata nafuu ya maana. Na stima ikipotea, kilichosimamishwa kimekwenda na maji.

Mimi, yakhe, ningepiga Ctrl-C tu. Make hutazama saa za faili: zile .o (faili zinazotoka kwenye kukompaili) zilizokwisha hairudii, utapoteza zilizokuwa mkononi pekee. Watu wanaiogopa Ctrl-C bure.

BintiLikoni:
Au asisimamishe kabisa. nice -n 19 make -j2: 19 ni kipaumbele cha chini kabisa, -j2 ni kazi mbili kwa pamoja, wenzake wapite mbele. Kama imeshaanza, renice, lakini ukishaifikisha 19 huipunguzi tena namba hiyo bila ruhusa ya root (mtumiaji mkuu wa mashine).

KijanaWaKisauni:
Shukran sana. Nimejaribu ya maalim: zote T, top (orodha ya programu zinazokula prosesa) imetulia, na kelele za watu zimekwisha. Nikizima laptop yangu, tmux haitakufa?

MaalimTerminali:
Haifi, iko kwenye seva. Muombe tu msimamizi asiiwashe upya kabla ya jioni.