Sarafu za nkambo zimekuwa nyeusi: nizisugue au niziache?

Mwana wa Katuba
Jambo wapendwa. Nkambo yangu, aliyemzaa mzazi wangu, alitutoka mwezi wa pili. Chini ya nguo zake tulikuta kopo la maziwa ya unga lenye falanga za zamani. Tatu ni za Katanga ilipojitenga na Kongo, 5 franka za 1961: mkungu wa ndizi upande mmoja, msalaba wa shaba upande wa pili. Mbili zilikuwa kahawia iliyokolea, ya tatu ina ungaunga wa kijani kwenye pembe za msalaba. Kuna na moja ya tembo, 50 franka ya Kongo ya Mbelgiji ya 1944, nyeusi kama chungu.

Nilikosea. Moja ya zile za kahawia niliisugua kwa limau, chumvi na majivu, kama mama anavyosugua sufuria. Ikatoka nyekundu nyekundu kama waya mpya. Nikaipeleka pamoja na mwenzake kwa mzee mmoja mjini anayenunua vitu vya kale. Akaziweka zote mbili kiganjani, akanirudishia ile inayong'aa: "Hii umeichuna ngozi." Aliitaka ya kahawia peke yake. Iliniuma sana, maana nilidhani naitengeneza mali ya nkambo. Sikuuza hata moja. Hizi nyingine nifanyeje? Ule weusi ni kutu?

Dada wa Ruashi
Pole kwa msiba, kaka. Sisi tulitumia dawa ya meno kwenye falanga ya baba. Ilibaki na mikwaruzo tu. Usirudie.

Papa Kampemba
Mwanangu, pole. Ule si kutu ya chuma. Shaba ikikaa hewani hushikana na oksijeni na kuvaa utando mwembamba wa kahawia, na utando huo huikinga shaba iliyo chini yake. Jasho la vidole huharakisha kazi, ndiyo maana sarafu tunaishika kwa ukingo wake.

Ya tembo ni habari nyingine. Ile ilipigwa Pretoria, na nusu yake ni madini ya fedha. Fedha huharibiwa rangi na salfa iliyo hewani: moshi wa makaa, mpira, hata karatasi ngumu za maboksi. Huanza njano, ikapita zambarau na buluu, ikaishia nyeusi. Kuna wakusanyaji wanaolipa zaidi kwa fedha yenye zile rangi za upinde wa mvua, mradi zimekuja zenyewe. Weusi mzito uliofunika picha hauwavutii, lakini hata huo wanauona bora kuliko sarafu iliyosuguliwa. Limau huyeyusha utando na kula shaba yenyewe kidogo, majivu nayo yanakwaruza. Rangi itarudi baada ya miaka, mikwaruzo haitaondoka.

Kijani ndicho cha kuangalia. Kikiwa kigumu chenye uso laini, kiache: ni ndugu wa malakiti, lile jiwe la kijani tunalochonga hapa kwetu, shaba iliyoshikana na unyevu na hewa. Kikiwa unga mwepesi unaorudi kila ukiufuta, hapo chumvi imeingia na inaila sarafu. Chokonoa taratibu kwa kijiti cha meno, kamwe si kwa sindano. Suuza kwa maji yaliyochujwa chumvi, yale ya betri ya gari, yasiwe na asidi. Ikauke kabisa. Na usiweke kwenye plastiki laini inayonata, baadhi yake hutoa asidi na kuleta utelezi wa kijani.

Mwana wa Katuba
Asante sana, papa. Jirani anasema hizi za ndizi zilitengenezwa pia za dhahabu. Ni kweli?

Papa Kampemba
Kweli, 1961 hiyo hiyo, picha ile ile. Lakini ya dhahabu ina gramu 13 na kitu, ya shaba ni nusu yake hivi. Na dhahabu ya namna ile haiwezi kukolea kahawia namna hiyo. Mizani itakuambia.

Mwana wa Katuba
Nimepima kwa rafiki mwenye mizani ndogo: zote tatu ni gramu 6 na kidogo. Za shaba. Kijani nimekichokonoa kwa siku mbili. Chini yake kuna vishimo vitatu vidogo, lakini unga haujarudi. Kila moja nimeifunga kwenye kitambaa chake cha pamba.

Ile niliyoisugua nimeiacha wazi juu ya kabati. Leo ni siku ya kumi na mbili. Kando ya ndizi imeanza kugeuka rangi ya asali.