Kibali cha kuwinda nyati Katavi

Swali: Ndugu zangu, mimi na kaka yangu tunapanga kwenda Hifadhi ya Taifa ya Katavi mwezi Agosti kuwinda nyati. Tuanzie wapi kupata kibali?

Jibu: Ndugu, ndani ya hifadhi ya taifa uwindaji umekatazwa kabisa. Huruhusiwa katika mapori ya akiba yaliyo jirani, kama Rukwa na Lwafi, chini ya usimamizi wa TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania), kwa mwenye leseni ya mnyama husika na kibali cha silaha.

Jibu: Naongeza kwamba Agosti ni kiangazi, mito hupungua na nyati hukusanyika penye maji yaliyobaki. Jazeni mafuta ya gari mjini Mpanda. Mbung'o huuma hata juu ya nguo na huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi, hivyo msivae rangi hizo.

Muulizaji: Asanteni sana, tofauti hiyo sikuijua.