Huyu bwana wa boti ya ghorofa pale Msasani, nani kampa bahari?

Wakuu, naandika bado nina chumvi mwilini na mikono inatetemeka. Kila anayefunga chombo ghuba ya Msasani anamjua, sina haja ya kumtaja. Yule yule mwenye kofia ya nahodha ambayo haijawahi kuona upepo. Boti yake inatoka mara moja kwa mwaka, na siku hiyo inarudi inavutwa.

Leo kaniambia, mbele ya mwanangu na vijana wote wa boti: "Hicho chako kina matairi, kipeleke kituo cha daladala."

Kituo cha daladala!

Mashua yangu ni ya fiba, futi 17, matanga mawili. Ndiyo, ina trela. Upepo wa kaskazi ukianza ghuba ile inapigwa usoni, naitoa naipeleka nyumbani. Lakini wakati wa kusi rasi inatukinga. Nani kila Jumamosi akokote trela, asimamishe mlingoti, afunge kamba moja moja, asubiri maji yajae, mpaka hamu yenyewe imeisha? Nimezamisha zege langu la kushikilia mashua, mnyororo wangu, boya langu, nimelipia msimu mzima. Nafika, napandisha tanga, nakwenda kisiwani Bongoyo. Mji huu raha yangu ndiyo hiyo tu.

Sasa boti yake ikigeuka na maji inafika kwangu. Badala ya kufupisha mnyororo wake, kampa kijana hela azame afupishe mnyororo WANGU. Nimefika saa kumi jioni, bamvu, yale maji makubwa ya mwezi mpevu, yamejaa pomoni. Mnaijua bahari hii, kupwa na kujaa kwa bamvu kunapishana mita 3 na zaidi. Mnyororo umekaza, omo, yaani mbele, imevutwa chini inakunywa maji, tezi, yaani nyuma, iko mbinguni, usukani unaning'inia hewani.

Nimemfuata kwa adabu. "Shikamoo mzee, nani kagusa mnyororo wangu?" Shikamoo hakuitikia! Kamaliza soda yake, kaitazama mashua, ndipo akatoa lile la matairi. Njiani mtoto ananiuliza, "Baba, kituo gani?" Ningemjibu nini? Kituo cha daladala, wakuu!

Pweza Mkavu: Namjua! Alimwambia mjomba wangu aondoe ngalawa eti inamharibia mandhari. Ngalawa zilikuwapo pale kabla ya ghorofa hata moja.

Kinyangalika: Uzi bila picha ni hadithi. Weka picha ya omo.

Mleta uzi: Simu imelowa, nilikuwa nafua maji, nayatoa chomboni! Na narudia: mbele ya MTOTO.

Baharia Mstaafu: Kijana, urefu wa mnyororo unapimwa maji yakijaa, si yakipwa. Na zege likizama linapoteza zaidi ya asilimia 40 ya uzito wake. La kwako kilo ngapi?

Mleta uzi: Mzee wangu, ulikuwa mrefu, UMEFUPISHWA! Kilo zinahusiana nini na shikamoo isiyoitikiwa?

Baharia Mstaafu: Hujajibu kilo.

Mpwa wa Nahodha: Sisi wavuvi maji yakipwa dau tunalilaza mchangani, tunakwangua, tunapaka sifa, yale mafuta ya samaki, kesho safari. Nyie boya, msimu, malipo, halafu mnalia. Kwani uongo, matairi hayapo?

Pweza Mkavu: Hahaha, mkuu, hapo kakushika.

Mleta uzi: Matairi ni ya TRELA! Trela iko nyumbani!

Pwani Kaskazini: Poleni ndugu zetu wa Dar. Huku Kilifi naye yuko wetu. Anapita kasi katikati ya maboya na boti ya mashine, mawimbi yake yanatugonganisha vyombo. Ukimuuliza anakupungia mkono.

Kinyangalika: Afadhali nyie. Kisiwani Mbudya watu wanaangusha nanga juu ya matumbawe, na ile ni hifadhi tangu 1975. Hapo hasemi mtu.

Chelezo: Nanga tu? Mimi usiku wa juzi wameniibia mashine ya boti, farasi 15, wameng'oa mpaka ubao iliofungiwa.

Mpwa wa Nahodha: Pole sana. Ya rangi gani?

Chelezo: Kijivu. Kifuniko kina mkwaruzo mrefu.

Pweza Mkavu: Upande wa kushoto? Kuna moja Kunduchi jana ilikuwa inauzwa bei ya kutupa.

Chelezo: KUSHOTO! Nani anauza?

Mleta uzi: Wakuu, turudi kwenye mada. Yule bwana lazima aombe radhi mbele ya mwanangu.

Kinyangalika: Mkuu, subiri kidogo, tunafuatilia mashine.

Baharia Mstaafu: Chelezo, namba ya mashine unayo? Bila namba usiende Kunduchi.

Chelezo: Iko kwenye risiti. Risiti anayo mke wangu, yuko Tanga. Nampigia.